Dakika Kumi za King'ora

Mtu wa kwanza kunipiga siku ile alikuwa amevaa fulana ya kwaya. Nakumbuka kwa sababu nilianguka chali nikaiona ikinijia juu, nyeupe, yenye msalaba wa kijani kifuani, na nyuma yake mpini wa jembe ukishuka. Ulinipata begani. Nilikuwa nimeinua bega kukinga kichwa, jambo ambalo mwili unalijua bila kupitia chuo kikuu. Juu yetu, kwenye nguzo ya mnara, king'ora kilikuwa kinalia. King'ora hicho nilikifunga mimi.

Nieleze kwanza kilifikaje pale, maana watu wakiona kovu kwenye nyusi yangu huuliza kama ni ajali ya pikipiki, nami hukubali ili kufupisha maneno.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo inayouza intaneti. Ofisi iko Iringa mjini, na minara yetu inafuata barabara kuu mpaka Uyole. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kuangalia minara nisiyoiona. Inayoiona ni programu. Kila baada ya muda, seva yetu inauliza kila mnara: upo? Betri zikoje? Mlango wa kabati umefungwa? Mnara unajibu, programu inaandika, kisha kimya mpaka ukaguzi mwingine. Urefu wa kimya hicho unapangwa na mtu. Ukiufanya mfupi, maswali yanajaza njia yetu nyembamba na simu yako inalia kila mbuzi akijikuna kwenye uzio. Ukiufanya mrefu, jambo linaweza kuanza na kwisha bila habari kukufikia. Nilipanga dakika kumi. Kwenye taarifa niliandika sababu za kitaalamu. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kula mchana kwa utulivu.

Kisha wakaja wezi wa betri. Katika kijiji kimoja kilicho mbele kidogo ya Chimala walimkuta mlinzi wetu, mzaliwa wa palepale, wakamkata panga. Mkono wake wa kulia ulibaki ukining'inia kwa ngozi, na hospitali walimalizia kuukata. Betri zilikwenda. Nilimtembelea wodini na matunda, akayapokea kwa mkono wa kushoto, nikatoka nje nikatapika kwenye maua.

Ndipo nikapata wazo la king'ora. Tuliiacha programu iutazame mnara ule kwa majuma kadhaa ijifunze mambo yake ya kawaida: fundi wetu anatoka Mbeya asubuhi ya Jumanne, anafungua kabati, anafunga, anaondoka. Ilipokwisha kujifunza, niliiambia kwamba mlango ukifunguliwa kwa namna yoyote isiyofanana na hiyo, king'ora kilie palepale mnarani, bila kungoja ukaguzi. Na ili mwizi asiweze kukizima, nilipanga kizimwe na seva ya Iringa peke yake, pale ukaguzi utakapofika na kukuta mlango umefungwa. Nilijisifu sana kwa hilo.

Kilichobaki ni watu wa kuitikia. Katika kijiji kile, kama huku kwetu kwingi, yowe likipigwa kila mtu hutoka, na kila aliyetoka hupiga. Hata mara moja, hata na kandambili. Anayesimama amefumbata mikono ataulizwa kesho yake alikuwa anamwonea nani huruma, na pia hakuna anayetaka jirani abaki na mikono safi ya kwendea polisi. Niliyajua hayo tangu utoto. Kwenye taarifa yangu kwa mkurugenzi niliyaita ushirikishwaji wa jamii.

Nilikwenda mkutano wa kijiji nimevaa koti na tai, nikapewa kipaza sauti. Nikasema mwizi wa siku hizi haji na gunia. Anakuja na kofia ngumu, fulana ya kung'aa na funguo, na mkimuuliza atawaambia yeye ni fundi. "Msimsikilize," nikasema. "Sikilizeni king'ora. Mashine haikosei." Walinipigia makofi. Mlinzi alikuwa amekaa mbele, na yeye akapiga mkono wake mmoja kwenye paja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nateremka kutoka Iringa kwenda Mbeya kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu, suti imening'inia nyuma ya gari. Simu ikaniambia betri za mnara ule zinashuka. Nilikuwa karibu kufika. Nikajiambia, mbona ni kazi ya kukaza waya. Nikavaa kofia ngumu, nikavaa fulana ya kung'aa juu ya fulana ya ndani, nikachukua funguo, nikafungua kabati.

Nilikuwa nimeifundisha programu kila kitu kuhusu mnara ule, isipokuwa kwamba mimi nipo duniani.

King'ora kilipolia nilifanya jambo la kisomi. Badala ya kufunga mlango nikatoa simu nipige ofisini, ambako Jumapili hakuna mtu. Bado nilikuwa nasikiliza ikiita walipofika. Wengine walikuwa na nguo za kanisani, wengine walikuwa wametoka kugeuza mpunga kwenye maturubai. Nilianguka na mlango wa kabati, ukapinda, ukabaki wazi.

"Mimi ni fundi," nilisema.

"Si alisema?" sauti ikajibu. "Alisema atasema ni fundi."

"Na kofia alisema."

"Na funguo. Mwoneni, anazo."

Kofia iliruka kwa teke. Tofali likanipata kwenye nyusi, na jicho moja likajaa damu, hivyo mengine niliyaona nusu. Mtu alinikanyaga tumboni kwa kiatu cha kisigino kirefu. Nilikishika kile kiatu, kikabaki mkononi mwangu, mwenyewe akakichukua akanipiga nacho mdomoni. Jino lilitoka. Nililitema, nikawaza kijinga kabisa kwamba nilitafute baadaye.

"Aliyesema hayo mkutanoni ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye."

Wakacheka, na katikati ya kicheko ngumi moja ikanipata sikioni.

"Yule msomi alikuwa na tai. Ya kwako iko wapi?"

"Iko kwenye gari."

"Gari pia ameiba."

Yule wa kwaya akapiga goti kando yangu. Alikuwa mdogo wake mlinzi. Nilimtambua sasa kwa pua, wana pua moja. Alishika kiganja changu cha kulia akakibana chini, vidole wazi, polepole kama mtu anayetandaza nguo.

"Mkono wa kaka yangu uko wapi?" aliuliza. "Mliuuza pamoja na betri?"

Akasimama, akakanyaga vidole vyangu kwa kisigino. Vidole viwili vilivunjika. Nilisikia mlio wake licha ya king'ora. Akainua mguu akakanyaga tena palepale, na safari hii nilipiga kelele za Kihehe, nikimwita mama, ambaye ni marehemu.

Hapo nikaona tairi. Lilikuwa kubwa kuliko la gari dogo, na aliyelileta alikuwa na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akanimwagia kidogo kwenye suruali, akisema tusipoteze muda. Ilikuwa baridi, halafu ikaanza kuchoma kwenye michubuko. Tangu wakati huo nilikuwa na jambo moja tu la kusema, nikalirudia mpaka likawa kama wimbo: fungeni mlango, fungeni mlango.

"Anataka kujificha ndani," mtu akasema.

Mama mwenye mgahawa wa barabarani alifika akiwa na mwiko. Nimekula kwake mara nyingi nikipita, wali na samaki wa Mtera. Alinipiga na ule mwiko kwenye paja, kwa nguvu, kama ilivyotakiwa. Alipokwisha kupiga akainama akaniangalia.

"Huyu ana wali wangu tumboni," alisema.

"Mama, hata mwizi anakula."

"Anakula. Lakini huyu akimaliza anarudisha sahani dirishani. Nyinyi wote hapa hakuna anayerudisha sahani." Akanigeukia. "Baba, huo mlango una nini?"

Nilimweleza kwa meno yaliyobaki. Ukifungwa, Iringa itauliza, mnara utajibu, king'ora kitanyamaza chenyewe. Mwizi hawezi kulijua hilo.

"Kitanyamaza lini?"

Ungetegemea mtaalamu angejua. Ukaguzi wa mwisho ungeweza kuwa umepita punde tu, au tisa kati ya zile dakika kumi zikawa zimekwisha. "Sijui," nikasema. "Isizidi dakika kumi."

Wakacheka tena, ila sasa walikuwa wanamwangalia mama.

"Basi tungoje," alisema. "Kisiponyamaza, fanyeni mlilotaka. Hata mwiko nitawaachia mkolezee moto."

Mdogo wake mlinzi alisema hangoji. Mama akamwambia, "Umengoja tangu mkono wa kaka yako ukatwe. Leo umepata haraka?" Kijana akaushusha mpini.

Wanaume wawili waliusukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umepindika, ulipiga kelele, ukaingia, ukashika. Kama umeshika sawasawa sikuweza kuona. Ndani ya fremu kuna swichi ndogo kama punje ya mahindi, na mlango usipoibonyeza, kwa programu mlango uko wazi, hata macho ya kijiji kizima yakiona umefungwa. Hilo sikuwaambia.

Tukangoja. Usidhani walikaa kama kanisani. Kila aliyechelewa kufika alinipa haki yangu kwanza ndipo akauliza kuna nini. Mzee mmoja alinichapa bakora ya mgongo, akaelezwa, akasema "Aa," akanichapa nyingine ndogo kufungia. Aliyeshika chupa alikuwa anaifungua na kuifunga kizibo. King'ora kinalia. Nilijaribu kuhesabu dakika kwa kupumua, lakini ubavu ulikuwa umevunjika, nao haukubali hesabu.

"Sasa kama wewe ni fundi kweli," mtu akauliza kutoka nyuma, "mbona huku WhatsApp inagoma?"

"Betri," nilisema, nikatema damu. "Ndiyo nilikuja kuangalia."

"Tangu Ijumaa inagoma."

"Pole."

Mawingu yakatanda kutoka upande wa milimani, manyunyu yakaanza. Wanawake kadhaa wakatazamana, mmoja akasema mpunga, wakaondoka mbio. Wengine walikaa chini kwenye majani. Mtu akaomba kiberiti, nikafumba jicho langu zima, kumbe anawasha sigara. Wakamfukuza akavutie mbali kwa sababu ya petroli. Yule wa kwaya alichuchumaa karibu na kichwa changu, mpini magotini, akiangalia king'ora bila kupepesa. Sijawahi kuona mtu akisikiliza kazi yangu kwa makini namna ile. Tulikuwa tunangojea kitu kimoja, mimi na yeye, ila kila mtu kwa matumaini yake.

Kikanyamaza.

Masikio yaliendelea kulia yenyewe kwa muda, kwa hiyo kwanza sikuamini. Halafu nikasikia lori likibadilisha gia barabarani, na jogoo. Hakuna aliyesema samahani. Aliyeleta tairi alilivingirisha kurudi nalo nyumbani, lilikuwa la trela ya shemeji yake. Mwenye kiatu cha kisigino alipita akinitazama mdomo kama anayetazama deni, akaenda. Mama alinifunga vidole kwa kitambaa alichovua kichwani.

Aliyenipeleka zahanati ni yule wa kwaya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na pikipiki. Nilikaa nyuma nimemkumbatia, uso wangu ukivuja damu kwenye mgongo wa fulana yake, tukaruka kila shimo. Alisema neno moja tu njia nzima: "Shika." Tulipofika alizima pikipiki akasema, bila kugeuka, "Kaka alikuwa mtu wa kinanda." Kisha akaingia ndani kuniitia mganga.

Sendofu sikufika. Mkurugenzi aliposoma taarifa yangu alisema mfumo umefanya kazi vizuri, wananchi wameitikia haraka. Nilikata waya wa king'ora kwa mkono wa kushoto, na tahadhari sasa inakwenda kwenye simu ya mwenyekiti wa kijiji, anayetakiwa kupiga simu kwanza kuuliza. Kijiji kimelalamika. Wanakitaka king'ora chao. Ukaguzi nimeuweka kila dakika moja, kama vitabu vya programu vinavyoshauri, na simu yangu hailali.

Vidole vilipona vikiwa vimepinda, na kijiko nakishika kama mtoto. Nilirudi kwenye mgahawa ule baada ya plasta kutolewa. Mama alinisalimu "kamwene" kama siku zote, akaniwekea wali na samaki, akasimama akiniangalia nikihangaika na miiba.

"Mama," nikasema, "siku ile ulijuaje kwamba kitanyamaza?"

"Mimi? Sikujua." Alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Nilitaka wachoke. Mtu aliyesimama anapiga tu. Akishakaa chini, akaona mvua inakuja, akakumbuka mpunga wake, kumwinua aje apige tena ni kazi. Ungesema dakika moja wangesimama wote mpaka mwisho. Uliposema kumi nikaona nafuu."

Yule wa kwaya alikuwa anakula meza ya jirani, siku hiyo amevaa shati la kawaida. Alikuwa amesikia yote. Hakuinua kichwa, ila alisukuma bakuli la pilipili kwenye benchi mpaka likafika nilipoweza kulichukua kwa mkono wa kushoto.

Nikamaliza, nikarudisha sahani dirishani. Alinifuata nyuma na ya kwake.