Karatasi Aliyoikunja Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Mhandisi Mkuu alinisimamisha mlangoni pa chumba cha seva, pale ofisini kwetu Kilosa, akaniangalia miguu kabla hajaniangalia uso. Nikasema, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba. Vua." Nikadhani ananitania. Nimevaa viatu vipya, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, halafu mtu ananiambia nivue! Nikavua.

"Vumbi la hapa linaua mashine," akasema. "Na kingine, humu ndani mna maneno ya watu. Hatuingii na viatu vya barabarani."

Nyie vijana mnaosoma haya mtacheka. Chekeni tu. Mimi nilifanya kazi ile peku mpaka nikastaafu, na laiti kuvua viatu kungetosha, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wengine: vikundi vya wakulima, wapima ardhi, hoteli za Mikumi. Mto ukifurika Kilosa, karatasi ndiyo ya kwanza kufa. Kwa hiyo watu walituletea mafaili, tukayapiga picha, tukayaweka kwenye seva, yaani kompyuta isiyolala ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine. Seva nayo huweka mizigo yake kwenye kabati la diski. Enzi zile diski ilikuwa sahani inayozunguka ndani ya kopo la chuma, na mkono mdogo wa kuisoma. Nilijifunza kuisikiliza. Diski inayotaka kufa inagonga, kwi kwi kwi, na ukiisikia unaitoa mapema unaweka nyingine. Mhandisi Mkuu alikuwa akifumba macho katikati ya chumba, anasema, "Ya tatu kutoka chini," na kweli inakuwa ya tatu kutoka chini.

Baadaye nikahamishiwa Mikumi. Umeme wa kule siku hizo ulikuwa wa kubahatisha, na Meneja wa Tawi alikuwa mama mmoja mkali kama pilipili mbuzi. Yeye ndiye aliyenifundisha nakala rudufu. Nakala rudufu ni kumbukumbu ileile kuwekwa mahali pengine kabisa, ili huku kukiharibika kule kupone. Kila Jumamosi asubuhi alitufutisha faili moja makusudi, kisha anasimama nyuma yetu mikono kiunoni mpaka tulirudishe.

"Nakala usiyowahi kuirudisha ni uvumi," alikuwa akisema. "Mimi siajiri watu wa kutunza uvumi."

Nilimchukia Jumamosi zote zile. Leo ningempigia magoti.

Niliporudi Kilosa nilikuwa Mkuu wa Chumba cha Data, na ndipo ikaja kazi ya mipaka. Wapima ardhi walikuwa wanapita vijijini na kamera. Mwenye shamba anatembea mpakani mwake pamoja na jirani, anasema kwa mdomo wake pa kwake ni wapi, na jirani anakubali mbele ya kamera. Ninyi mnajua mipaka yetu ilivyo: mti, mfereji, kichuguu. Mti unakatwa, mfereji unazibwa, kichuguu kinasawazishwa na trekta. Video zile zote zililetwa kwetu kutunzwa.

Siku moja niliongozana nao Chanzuru kuona kazi inavyofanyika. Mwenye shamba alikuwa Mzee Sultani, na mkewe Bi Mwanahawa alitufuata nyuma na dumu la maji. Mzee akakohoa, akaanza: "Mimi Sultani. Toka mkwaju ule mpaka mfereji huu ni pangu. Ng'ambo ya mfereji ni pa Kibwana. Mwenyewe yule, muulizeni." Kibwana akacheka, akasema, "Ni kweli, asije akaniongezea bure nikashindwa kulima." Tukacheka wote. Basi, ndiyo hivyo tu. Dakika chache za wazee wawili wanaotaniana.

Mwaka uliofuata Kibwana alifariki. Mzee Sultani naye hakukaa sana.

Sasa nije kwenye kabati. Diski zetu zilikuwa zimechoka, na Mkurugenzi akaniagiza nichague kabati jipya, la flashi tupu. Flashi haina sahani wala mkono, haizunguki, haigongi. Ni vipande vya kumbukumbu kama vile vilivyomo kwenye simu yako, ila vimetengenezwa kubeba kazi nzito. Ina kasi ya ajabu. Sisi wadogo tuliweza tu zile za ngazi ya kwanza, ambazo watengenezaji huwapunguzia mambo ili ziwe nafuu, na ndiyo maana ukizichagua lazima uwe na macho.

Na macho nilikuwa nayo, msinione hivi! Niliuliza kama kabati lina kontrola mbili, yaani bongo mbili za kuliongoza, ili moja ikifa nyingine ishike. Niliuliza joto lake, kwa sababu kiyoyozi chetu kilikuwa kimoja, tena kinakoroma. Niliuliza fundi wao atafika Kilosa kwa siku ngapi barabara ikikatika. Muuzaji kutoka Dar akajibu yote vizuri, kijana wa suti. Kisha akasema lile jambo lake: kabati linabana data, hivyo mzigo wa nafasi nne unaingia kwenye nafasi moja.

Kubana data ni hivi. Chukua majani makavu, yatie guniani, yashindilie, yanaingia mengi. Lakini chukua unga uliokwisha kushindiliwa kiwandani, ushindilie tena uone. Barua na orodha ni majani makavu. Video ni unga. Kamera yenyewe imeshaibana toka shambani. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua, wallahi, na siku ile kichwani mwangu halikuwemo. Nilikuwa nawaza kasi.

Aliyeliwaza ni Neema. Neema alikuwa fundi mwenzangu, mama wa watoto wawili, mtoto wa wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa wakahamia Kisanga. Alizungumza kidogo na alifanya kazi sana. Muuzaji alituachia kabati la majaribio wiki nzima, mimi nikalipima mbio, yeye akachukua sehemu ya video zetu akazijaza humo kuona zitabanika kiasi gani. Mimi sikumtuma.

Ofisini kwetu vikao vilikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Wadogo husema kwanza, mkubwa husema mwisho, na mkubwa akishasema, hapo tunafunga kwa dua. Hakuna anayeongeza. Ukiongeza, umemvunjia heshima. Siku ya kuchagua, Mkurugenzi alikuwa na safari, ana haraka, akaanza na mimi. "Mzee wetu, wewe ndiye mwenye chumba. Unasemaje?"

Nikasema, "Tuchukue hili. Kwa kubana kwake litatufaa miaka mingi."

Mkurugenzi akageuka. "Neema, una la kuongeza?"

Neema alikuwa na karatasi mkononi. Akaniangalia, akaangalia meza. "Mzee ameshasema," akajibu. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye pochi yake.

Nilimwona. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kwamba nilimwona kwa macho yangu haya. Ningesema, "Neema, hiyo karatasi ni ya nini?" Maneno sita! Lakini nilijisikia vizuri kuwa mzee ambaye ameshasema. Tukaomba dua.

Kabati likaja. Tukahamisha mizigo yote, ikaingia sawasawa. Kiyoyozi kisingeweza makabati mawili, kwa hiyo la zamani tukalizima, na diski zake tukazitoboa kwa drili, kama tulivyofanya siku zote ili siri za wateja zisiokotwe jalalani. Nilizitoboa mwenyewe, peku, huku napiga mluzi.

Na nakala rudufu? Nakala za mafaili tuliendelea kuzipeleka Mikumi. Za video zilikuwa kubwa mno kwa mtandao wetu, nikaziacha. Nilijipa moyo kwamba kabati lina uwezo wa kujipiga picha, yaani kukumbuka lilivyokuwa jana na juzi. Lakini picha hizo zimo ndani ya kabati lilelile! Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Yule mama wa Mikumi angenifukuza kazi palepale.

Wateja wakaongezeka, nami nikaendelea kuwagawia nafasi kwa kuamini ule ubanaji, kama mtu anayewaahidi watu wanne gunia moja la mahindi akiomba wasije siku moja. Wakaja siku moja. Ijumaa asubuhi kabati lilijaa pomoni, likaanza kufuta zile picha zake za jana na juzi ili lipate pumzi, halikupata, likasimama katikati ya kuandika. Mafundi wa Dar walikaa kwetu siku kadhaa. Mafaili yalirudi. Video zilirudi majina matupu, ukifungua, giza.

Neema alinikuta nimekaa sakafuni chumbani mle. Akatoa ile karatasi kwenye pochi, bado imekunjwa, akanipa. Nikaifungua. Hesabu zake zilikuwa safi: video zetu hazibaniki hata kidogo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mzee," akasema, "ningesemaje baada yako?"

Nikaikunja tena mara mbili, kama alivyoikunja yeye.

Kule Chanzuru, watoto wa Kibwana walikuwa wameziba mfereji na kudai kwamba mpaka wao unafika kwenye mkwaju. Mkwaju wenyewe umeshakatwa ukachomwa mkaa. Baraza la ardhi la kata likamwambia Bi Mwanahawa alete ushahidi. Akaja kwetu na furaha kabisa, akavua kandambili zake mlangoni bila kuambiwa na mtu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumchukua mzee wangu akaseme."

Nikamwambia mashine inatengenezwa, arudi wiki ijayo. Alirudi. Nikamwambia bado. Baraza likaahirisha, likaahirisha tena, mwisho likachoka, nusu ya shamba ikaenda. Nusu yenyewe ndiyo ya mfereji, yenye maji. Na mimi nilikuwa nimeshastaafu, nimerudi kwetu Masanze na zawadi ya saa ya ukutani, na bado sijamwambia ukweli.

Alinifuata hadi Masanze. Akavua kandambili kwenye kizingiti changu, akakaa kwenye mkeka.

"Shamba basi," akasema. "Limeshakwenda, sikudai. Nataka tu nimsikie. Siku hizi sauti yake inanipotea."

Safari hii nikashindwa kusema "bado". Nikamwambia yote, kabati, kubana, drili, kikao, karatasi. Sijui alielewa kiasi gani. Alilielewa lile moja, kwamba haipo na haitakuwepo.

Akageuka kunitazama. "Wewe ulimsikia siku ile."

"Nilimsikia, mama."

"Alisemaje?"

Nikajaribu. Mimi Sultani. Toka mkwaju ule mpaka mfereji huu ni pangu. Nilisema neno kwa neno, na nilipomaliza alikuwa ananiangalia mdomo.

"Hukukohoa," akasema. "Yeye angekohoa kwanza."

Akainuka, akavaa kandambili zake, akaondoka bila kuaga.

Watu huniuliza, mzee, sisi tunaoanza kazi hii tuchague kabati gani? Nawajibu: jaribuni na mizigo yenu wenyewe, msile ahadi ya mtu. Hesabuni nafasi kama vile hakuna kitu kitakachobanika. Wekeni nakala nje ya kabati, mbali, na kila Jumamosi irudisheni. Na kikaoni mkubwa asiseme kwanza. Akishasema, amtafute mwenye karatasi. Nawaambia haya na najua hayanisaidii mimi lolote. Yamechelewa, na aliyeyalipia siyo mimi.

Juzi nilikwenda Chanzuru mazishini. Njiani nikakutana na Bi Mwanahawa, ana kuni kichwani. Nikapisha njia, nikavua kofia.

"Shikamoo mama."

Toka nimeanza kusema nikiwa mtoto, sijapata kusalimia mkubwa nikakosa marahaba. Hata wanaogombana nawe huitikia, kisha ndiyo mnaendelea na ugomvi. Nikadhani hakusikia. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Alisimama, akaniangalia vizuri, akapita.