Alama Tisa Hazikumtosha Duane Kaczala

Duane Kaczala wa Toledo, Marekani, mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikuwa na suruali mbili za kwendea kanisani na kadi za besiboli elfu kumi na moja. Kadi zilikaa chumba cha chini ya nyumba, zikipepewa na mashine ya kukausha unyevu mchana kutwa. Chumba cha juu, alikolala na mkewe Arlene, kilivuja. Jamani, kuna watu!

Kati ya zote hizo, mboni ya jicho lake ilikuwa moja tu: kadi ya Hobie Strand ya mwaka wake wa kwanza kwenye ligi kuu. Wakusanyaji ndivyo walivyo. Mchezaji atapiga mipira miaka ishirini mpaka asimamishiwe sanamu, lakini kadi wanayoililia ni ile ya kwanza, kijana bado ana chunusi na hajafanya lolote. Tena isiwe imeguswa! Hupelekwa kwa wapimaji, wakaichungulia kwa lenzi, wakaipa alama, mwisho kumi, wakaifungia ndani ya plastiki ngumu. Ya Duane ilipata tisa.

Mwaka huo binti yao Michelle, aliyeolewa Tacoma, huko mwisho kabisa wa magharibi, alijifungua mtoto wa kike, Josie. Bibi na babu hawakuwa wamemtia machoni, maana nauli yote ilikuwa imeishia chini ya nyumba. Arlene alinuna miezi minane, na kununa kwake si mchezo, mpaka Duane akaahidi: atamuuzia daktari mmoja wa meno wa Cleveland ile kadi ya Strand, waende wote wawili. Arlene akafunga sanduku siku ileile.

Sasa akatokea Stosh, rafiki wa Duane mwenye meza ya kadi sokoni.

"Kaka, hii tisa? Tazama kona hizi! Wapimaji walikuwa na usingizi. Ivunje plastiki, uipeleke tena."

"Daktari anaitaka hivihivi."

"Hiyo ni kumi iliyoonewa, bwana!"

Basi, maneno hayo yakamwingia Duane, usingizi ukamruka. Arlene akamuuliza, "Tisa inatufikisha Tacoma?"

"Inatufikisha."

"Sasa kumi ya nini?"

"Mke wangu, mambo haya huyaelewi."

"Kweli siyaelewi. Mimi nataka kumpakata mtoto tu."

"Nipe mwezi mmoja."

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, lakini wahenga hawakukusanya kadi. Duane alitandika taulo mezani, akanawa mikono mara tatu, akavaa glavu za pamba, akabana pumzi, akaingiza bisibisi kwenye ukingo wa plastiki. Plastiki ikalia pwaa! Bisibisi ikateleza, ikagusa kona ya kadi. Alama ya mkwaruzo ilikuwa ndogo, mimi na wewe tusingeiona. Yeye aliiona, akajiambia hajaiona, akaituma kadi kwa wapimaji.

Mwezi mmoja ukawa miezi mitatu. Kadi ikarudi na alama tano. Daktari wa meno, alipopigiwa simu, alishanunua nyingine kwa mtu mwingine.

Arlene hakupiga kelele. Aliuza cherehani yake, akanunua tiketi ya basi, safari ya siku tatu kwa mwanamke mwenye magoti mabovu.

"Tiketi moja?" Duane akauliza. "Na mimi je?"

"Wewe baki na Strand. Asije akaona upweke."

Akaondoka. Duane akashinda kwenye simu akigombana na wapimaji kuhusu ile kona, mlo wake soseji baridi.

Jumapili mchana Arlene akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha, hata hasira alikuwa ameisahau.

"Josie ametembea! Hatua nne, Duane! Kutoka kwenye kochi mpaka mikononi mwangu!"

Machozi yakamtoka Duane kweli, hilo tusimnyime. Alitaka awe amekaa kwenye kochi lile kuliko alivyowahi kutaka kadi yoyote. Lakini mdomo ulishazoea kujitetea.

"Usijali," akasema. "Mimi nitakuja mwakani. Atakuwa anakimbia kabisa. Mtoto hunoga mwaka wa pili."

 Arlene akasema, "Hebu rudia hapo, Duane."

Duane akaitazama ile kadi ya mwaka wa kwanza pale mezani, akaifunika kwa taulo.