Kilima Ndani ya Mstari wa Mita Mia Sita

Kwa miaka kumi na tisa Bi Dasta alifagia chumba cha ramani, na miaka yote hiyo aliamini kuwa watu wa milimani wana barabara nyingi kupita kiasi. Mistari ya kahawia, duara ndani ya duara, kilima kizima. Walikuwa wakizunguka kwenda wapi? Hakumuuliza mtu. Nani anapenda kuchekwa na wasomi?

Safari hii aliuliza, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni, na si kwa maneno tu. Bonde la kwao lilikuwa linageuzwa bwawa. Mama yake, aliyehamia kwake mjini, alishasema hazikwi popote ila kando ya mumewe, kileleni mwa kilima nyuma ya nyumba yao. Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile: kaburi litazama?

Ramani kubwa ya ukutani ilijua barabara na miji tu. Ile ya mipaka ya wilaya ilipakwa rangi za kupendeza, ila kilima haikukijua kabisa. Ikabaki ile ya mistari ya kahawia.

"Hizo si barabara, mama," mchora ramani alimwambia, akimeza kicheko kwa heshima. "Ukitembea juu ya mstari mmoja, hupandi wala hushuki. Mistari ikibanana, mlima ni mkali. Namba ndiyo mita kutoka usawa wa bahari. Maji ya bwawa yataishia mia sita."

Bi Dasta alisahau ufagio. Alitafuta alama ya chemchemi, akaiona, na juu yake mistari imebanana kama meno ya kitana. Hapo hapo! Hapo ndipo alipokuwa akimwaga maji ya ndoo utotoni na kuchapwa. Mtu gani alikuja akaweka kilima chao chote kwenye karatasi, bila kusahau hata pale palipomtoa jasho? Mwili ulimsisimka.

Kileleni palikuwa na nukta: 612. Alifuata mstari wa mia sita kwa kidole, taratibu. Kidole kilizunguka kilima chote, kikarudi kilipoanzia; nyumba ikabaki nje.

Jioni alimkalisha mama yake.

"Nyumba inazama. Baba hazami. Ila maji yatamzunguka pande zote."

"Mtu mwenyewe alikuwa haogi," mama yake alisema, wakacheka hadi machozi. Kisha mama yake akaacha kucheka.

"Na mimi mtanifikishaje?"

"Kwa mashua, mama."

"Basi mjifunze kupiga makasia," mama yake alisema. "Mapema."