Betri Iliyolipuka Mfukoni Mwangu

Walimu wenzangu, hasa ninyi mlioripoti wiki hii, mkuu wa shule ameniomba niwaeleze kwa nini natembea hivi. Naitwa Mwanahamisi. Mimi mzaliwa wa Tanga, nafundisha Kemia hapa Busunzu, wilayani Kibondo.

Nilipoletwa hapa sikumjua mtu. Wanafunzi wakishaondoka, nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu na kukaa kitandani. Uani majirani waliongea Kiha, wakacheka, nami nikadhani wananicheka mimi. Likizo moja nilikwenda Dar, binamu yangu akanipa sigara ya umeme. "Hii haina moshi, Mwana, ni mvuke tu. Itakuchangamsha."

Ilinichangamsha. Nikawa navuta nikiwa nimejifungia. Mwalimu wa kike, anavuta! Ningemwambia nani? Wenzangu wakigonga mlango kunialika, nilinyamaza mpaka waondoke, wasije wakasikia harufu.

Likizo iliyofuata nilirudi kwa ndege hadi Kigoma. Uwanjani Dar afisa alinisimamisha. "Dada, hii sigara na betri ya akiba haziendi kwenye mzigo mkubwa. Unabeba mkononi. Betri ikae kwenye kikasha chake, isiguse chuma. Na ndani ya ndege huvuti, huchaji." Niliona aibu, lakini nilitii yote.

Asubuhi yake nikapanda basi la Kibondo. Liliposimama Kasulu nilikwenda nyuma ya hoteli, nikavuta. Chaji ikaisha. Nikaitoa betri ya akiba kwenye kikasha ili nibadilishe, mara konda akaita, "Abiria wa Kibondo, tunaondoka!" Nikaitumbukiza mfukoni mwa suruali niliyovaa ndani ya dera, pamoja na funguo na sarafu. Kwenye ndege nilifuata sheria kwa sababu kulikuwa na mtu wa kunitazama. Hapa hakuna aliyenitazama.

Hata mji hatujauacha mbali, nikasikia mlio kama sufuria ya mgandamizo inayotoa mvuke. Kisha moto. Paja la kulia lilikuwa linawaka na mimi nimekaa juu ya kiti, siwezi hata kusimama. Basi likajaa moshi mkali. Abiria mmoja akanimwagia maji ya chupa. Suruali ya nailoni ilikuwa imegandana na ngozi. Konda alinishusha na begi langu, akanipakia kwenye bajaji, nikarudishwa mjini hospitali.

Daktari akauliza, "Umeungua na nini?"

"Chai. Chupa ya chai imenimwagikia."

Akainama, akatazama. "Chai gani inaacha weusi huu?"

Nikageukia ukutani. Mwalimu wa Kemia mimi, nadanganya kuhusu kemikali! Wakanitibu kama mtu aliyeungua na chai. Mama akipiga simu kutoka Tanga, namwambia niko salama, nimechoka na safari tu.

Wodini kila mgonjwa alikuwa na ndugu wa kumletea chakula. Mimi nilikuwa na pakiti ya biskuti. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, nilijifunika shuka mpaka usoni, nisionekane sina mgeni.

Kwenye kitanda cha jirani alilala binti aitwaye Daforoza, amevunjika mguu. Mama yake, Mama Anastazia, alikuwa akija kila asubuhi kutoka Heru Juu na bakuli la ugali wa muhogo na maharage. Siku ya pili aligawa bakuli lile nusu kwa nusu. "Mwakeye, mwana wanje," alinisalimia kwa Kiha, akiniita mwanangu. "Kula." Alinishika mkono kwenda chooni. Akanifulia nguo zangu.

Siku ya nne kidonda kilianza kunuka. Usaha ulilowesha bandeji, homa ikapanda, meno yakagongana. Mama Anastazia akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, suruali yako niliifua mimi. Imetoboka kwa moto, ina vipande vya chuma. Mimi sitamwambia daktari. Mwili ni wako. Lakini mwambie."

Nilimwambia daktari. Hakunigombeza. "Asante. Sasa najua ninachotafuta," alisema. "Kemikali ya betri inaendelea kula nyama. Ungesema siku ile, tungekisafisha kwa namna nyingine."

Walinichoma ganzi, wakakwangua nyama iliyokufa. Ganzi haikufika kote. Nilimwita mama yangu kwa sauti, naye hakujua hata niko wapi. Baadaye walichukua ngozi kutoka paja la kushoto, wakaipandikiza kwenye la kulia. Sigara nilimkabidhi muuguzi. Siku za mwanzo hamu ya kuvuta ilinisumbua, nikawa mkali kwa kila mtu, kisha ikapungua.

Siku ya kumi na moja nilimpigia mama, nikamweleza yote. Akasema, "Siku kumi na moja, Mwana? Siku kumi na moja nakula, nashiba, nalala?" Akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia.

Nilitoka baada ya wiki saba. Mguu haunyooki vizuri, na kwenye baridi ngozi inavuta. Lakini nasimama darasani vipindi vyote. Alhamdulillahi. Namshukuru daktari yule, wauguzi, na Mama Anastazia, ambaye mimi si wa dini yake wala wa kabila lake.

Kama unavuta, acha. Kama hujaacha na unasafiri, beba betri kwenye kikasha chake, mbali na funguo na sarafu, kwenye basi kama kwenye ndege. Ukiumia, sema ukweli siku hiyohiyo.

Na ninyi wageni, najua jioni za huku zilivyo ndefu. Mtu akigonga mlango wako, mfungulie, hata kama chumba kinanuka.