Mawese Ndani ya Ponti

Baba yangu Théophile alikula maharagi ya chumvi tupu miaka yote niliyompikia. Mafuta ya mawese hakuyagusa. Watu wa Burungu, kijiji chetu cha milimani, walisema ni uchoyo, wengine wakasema amewekewa mwiko. Waache waseme. Mimi Céline ni binti yake, niliyekuwa jikoni, na nasema mapema kabisa kwamba baba mkubwa Pierre sijamsamehe.

Baba alikuwa tarishi wa shamba la kwinini. Mwaka wa Uhuru mzungu wa shamba alipoondoka alimwachia pikipiki yake. Haikuwa na mnyororo kama nyingine. Nguvu ya injini ilipita ndani ya chuma kirefu, kardani, hadi kwenye kisanduku cha meno kando ya gurudumu la nyuma. Mafundi wanakiita ponti. Ponti ina mafuta yake peke yake, mazito, na Baba aliyatunza kuliko alivyotutunza sisi. Nasema kwa utani, ila mama yangu Virginie aliposema hivyo hakuwa anatania.

Siku ya kuyabadilisha hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Kwanza alizunguka kilima mpaka ponti ipate joto. Kisha alifungua skrubu ya chini, akayaacha yatoke yote, akapitisha kidole kwenye skrubu kutafuta unga wa chuma. Mwisho alijaza kwa tundu la juu mpaka yaanze kudondoka. “Ponti haisemake,” alituambia. “Ukisikia inasema, imeshakufa.”

Mwaka 1965, vita ya waasi ikiwa imepoa kidogo, habari zilifika kwamba Bibi Adelaïde, mama mzazi wa Baba, anakwisha. Alikuwa Walikale kwa Pierre, kaka mkubwa wa Baba, aliyekuwa muuzaji katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi. Alitaka jambo moja tu: arudi Burungu azikwe kando ya Babu. Pale migombani kaburi la Babu lilikuwa na nafasi ubavuni mwake, na hakuna aliyethubutu kupanda mgomba hapo. Kila mtu alijua ni ya nani.

Baba akateremka kumchukua. Daraja moja lilikuwa limevunjwa vitani, akavuka mto kwa kusukuma pikipiki, maji yakafika kwenye kiti. Alipofika Walikale akafungua skrubu ya ponti, na mafuta yakatoka kama kahawa ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Kusafiri nayo hivyo ni kuyaua meno, basi akayamwaga yote. Tatizo likawa kuyapata mengine, maana tangu vita maduka yalikuwa na vumbi tu. Lakini nyuma ya meza ya Pierre ilikuwepo bidoni, dumu la bati, la mafuta hayo hayo mazito, haijafunguliwa.

“Kaka, nipatie kikombe kimoja tu,” Baba alisema. “Ni juu ya Mama.”

“Ile iko ya kamiyo ya patro,” yaani lori la tajiri wake.

“Kamiyo si waasi walishaichoma?”

“Patro atanunua ingine. Akikuta bidoni imefunguliwa, mimi njo nitafukuzwa. Na tena, Mama iko muzuri hapa. Watu watasema nini? Pierre alishindwa kuchunga mama yake?”

Kwetu mdogo akinyimwa na mkubwa harudii kuomba. Kurudia ni kumvua mkubwa nguo mbele za watu, na Baba alilelewa hivyo, na aliyemlea hivyo kwa fimbo, baada ya Babu kufa, ni Pierre huyo huyo. Basi akatoka nje.

Jirani mmoja, fundi wa baiskeli jina lake Benoît, alimwonea huruma. “Papa, usihangaike. Sisi huku tunatiaka mawese tu. Tangu vita, ile njo mafuta yetu.” Hakumdanganya. Walikale ni msitu na joto, mawese pale yanatiririka kama maji, na mashine zao zilitembea. Baba akayachuja kwa kitambaa, akajaza mpaka yakadondoka, akazunguka mji. Ponti ilikuwa kimya.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Benoît hakujua, lakini Baba alikuwa mtu wa milima. Kwetu kila asubuhi Mama huweka chupa ya mawese karibu na moto, kwa sababu baridi ya usiku inayagandisha kama sabuni. Baba aliiona chupa kama hiyo tangu utoto wake, aliigeuza mwenyewe mara ngapi sijui. Ila hayo yalikuwa mambo ya jikoni. Hayakumjia kichwani akiwa na spana mkononi.

Akamfunga Bibi mgongoni kwa vitenge, kama yeye alivyofungwa zamani, wakaondoka. Jioni walifika Nyabiondo, wakalala kwa katekista. Usiku ukungu ukashuka pamoja na baridi ya milima. Asubuhi wakaanza kupanda, na mawese yalikuwa yamegandia kwenye kuta za ponti, meno yanasaga makavu. Katikati ya mlima ponti ikasema. Ikalia, ikapiga yowe, gurudumu likakaza, wakaanguka polepole kwenye matope.

Bibi hakuumia. Baba alifungua skrubu ya chini na hakuna kilichotoka. Akaingiza kijiti, kikarudi na donge la rangi ya machungwa. Akaelewa. Alikaa chini kwenye matope akalia, mtu mzima, mbele ya mama yake.

Mama mmoja wa pale, Mukasine, aliwapa mkeka nyumbani kwake. Baba akaenda kutafuta wanaume wa kubeba kipoyi, machela ya miti. Alipowapata na kurudi nao, Bibi alikuwa bado anapumua kidogo.

“Tulishafika kwa papa yako?” aliuliza.

“Karibu, Mama.”

“Ndiyo. Nasikia baridi. Hapa njo kwetu.”

Akafa akiamini hivyo. Wabebaji wakatua kipoyi kitupu. Mgonjwa wangembeba, walisema, lakini maiti ya mgeni hawapitishi kwenye vilima vya watu, na siku zile askari walikuwa kila njia. Mume wa Mukasine alitoa kipande cha shamba kando ya kona ya barabara, wakamzika hapo. Baba alikuja Burungu kwa miguu.

Pierre alifika matangani siku zilizofuata, akilia tangu bondeni ili wote wasikie. Mkononi alibeba ile bidoni, haijafunguliwa.

“Ungerudilia kuomba, Théo,” alisema. “Ungeniomba mara ya pili, ningekupa.”

Watu wote walimtazama Baba. Nilitamani amtukane. Nilitamani hata ampige.

“Kaka,” Baba alisema, “ni wewe ulinifundisha.”

Akaipokea bidoni kwa mikono miwili, kama mdogo anavyopokea kwa mkubwa wake. Akaibeba mpaka migombani, akaiweka ubavuni mwa Babu, pale palipoachwa wazi. Ilikaa hapo ikaliwa na kutu, na hakuna aliyeifungua.