Mahali Jua Halikufika

Nakumbuka asubuhi niliyomfukuza mama mwenye mtoto mgongoni, mwanangu, na hadi leo naona haya kuisimulia. Lakini umeniletea kichupa hiki cha kupaka usoni, basi acha niseme.

Vilikuwa vita vya shifta, miaka ile ya sitini, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini. Wafugaji wa pande hizi za Garissa walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, mbuzi wakapungua, maziwa yakaadimika. Mimi nilikuwa msichana kutoka Kitui, msaidizi wa zahanati, nikigawa maziwa ya unga kwa akina mama wa watoto wachanga. Kwa mama mwenyewe tu, niliambiwa, si kwa kila aliyebeba mtoto. Nami nilijiona hodari wa kuwatambua watu kwa kuwatazama tu.

Akaja mmoja, uso umekunjamana, midomo imepasuka. Nikamwambia, nyanya, kamwite mama yake mtoto. Akasema mama ni yeye. Nilimcheka, mwanangu. Kesho yake akarudi, nikamrudisha tena. Foleni yetu ilikuwa juani, hapana hata kijiti cha kivuli, na kila nilipomrudisha nilimwongezea jua lile lile.

Siku ya tatu mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Yule mama hakubishana. Alinivuta nyuma ya pazia, akapandisha mkono wa vazi lake hadi kwapani, akaulaza mkono wake kando ya wangu.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "uso yangu jua imekula. Hapa haijafika. Soma hapa."

Nikasoma. Ngozi ya ndani ya mkono ule ilikuwa laini, imejaa, kama yangu. Tulipohesabu mvua na ukame tuliouona, nikakuta mimi ndiye mkubwa, kwa mwaka mmoja. Nililia. Nikakoroga maziwa, nikamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, sijui kama atameza. Jua lilipofika utosini akalia kwa sauti, na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Ungedhani angenichukia. Wiki ile ile aliniletea mtandio wake, akanifunga mwenyewe, akinung'unika kwamba natembea kichwa wazi kama mtu asiye na wenyewe. Akanipaka usoni unga wa majani ya mkunazi. Nikamwambia ngozi yetu nyeusi haiogopi jua. Akanijibu kwamba hata yake ni nyeusi.

Sasa mwenye duka la dawa amenisomea kichupa chako: asidi ya hailuroniki. Anasema ngozi ina asidi hiyo yake yenyewe, ndiyo inayoshika maji uso ukabaki umejaa, na jua la miaka mingi huipunguza, ngozi ikalegea na kujikunja. Nikacheka. Somo hilo nililipata kitambo, nyuma ya pazia.

Nitajipaka, kwa kuwa kimetoka kwako. Ila wewe, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huwezi kupaka asubuhi halafu ukashinda sokoni juani bila mtandio. Jifunike ungali kijana, tafuta upande wa kivuli, usingoje mikunjo ikukumbushe, maana majuto ni mjukuu. Na ukikutana na uso uliochakaa, usiuhesabie miaka. Uliza kwanza umepigwa na jua la wapi, na nani aliyeuacha juani.

Mama yule ni Dahabo, nyanya yako. Mtoto wa kijiko ndiye mama aliyekuzaa. Mimi sikuwahi kukuambia kwa sababu ya haya. Yeye alinisitiri mpaka alipozikwa, akakufundisha kuniita mama.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe umri mrefu na kivuli njiani, na mikunjo itakapokuja, kwa maana itakuja, iwe ya kucheka.