Fukusi wa Mai Mahiu Aliyepeleka Posa Njoro

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uongo. Njoo Mai Mahiu uone. Huku kibaya ndicho kinachojiuza, tena chap chap, mradi kiwe na Z tatu.

Nina ushahidi. Mwaka huu mdudu mmoja mwenye pua ndefu alikaribia kumnyima mwanamume mke, na mdudu huyo nilimwandika mimi, kwa mkono wangu wa kulia, kwa rangi ya manjano.

Naitwa Umaima. Kwetu ni Bondeni, Nakuru. Nina diploma ya uanahabari na gazeti moja liliniambia litanipigia simu. Nikiwa naingoja hiyo simu, nikaanza kuandika maandishi kwenye malori.

Mai Mahiu malori hayaishi. Na dereva wa huku haitwi kwa jina alilopewa na mamake. Anaitwa kwa neno lililo nyuma ya lori lake. Kwa hivyo neno si pambo. Ukimpa mtu neno, umempa jina, na jina hilo litamfikia hotelini kabla hajashuka.

Mwaka jana Ogada, anayebeba viazi, aliniomba Kiingereza ambacho dereva mwingine hana.

Nikamwandikia ZEPHYR. Upepo mwanana.

Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa anamwita Zefa, hata polisi wa kizuizini. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Kila dereva akataka Z.

Nina kamusi kuukuu isiyo na jalada, nimeinunua Nakuru kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Nikahamia mkiani mwake.

ZUGZWANG akapata dereva wa simiti. Ni pale kwenye mchezo wa chess ambapo zamu ni yako, na popote utakapocheza unaumia. Akaniambia, "Sister, hiyo ndiyo maisha yangu yote."

ZARF nikaiandika kwenye kibanda cha mathe wa chai. Kishikio cha kikombe kisicho na mkono.

ZIZZ, usingizi mfupi, ikaenda kwa Makokha, ambaye husinzia hata akiongea.

Kuna mwingine alitaka ZENZIZENZIZENZIC, namba iliyozidishwa yenyewe mpaka kipeo cha nane. Ina Z sita. Tuliishiwa na lori tukiwa Z ya nne.

Nina sheria moja. Kiingereza nakiandika kikubwa katikati. Chini, pembe ya kushoto, naandika maana yake kwa Kiswahili, herufi ndogo. Wa mbali aone jina, wa karibu aelewe. Bibi yangu alihamia Bondeni kutoka Lamu na masanduku mawili, moja la nguo na jingine, anasema, la maneno. Mimi ndiye niliyerithi la pili.

Sasa akaja Peterson.

"Fundi, niaje. Nataka Z."

"Z gani?"

"Yenye iko na Z mingi kushinda ya Ogada."

"Ipo. Maana yake ni..."

"Maana sitaki. Na ile Kiswahili yako ya chini usiniwekee. Kiswahili ni ya kuuzia sukuma wiki."

Brashi yangu ikasimama hewani.

"Nikuambie kwa mdomo tu, kaka."

"Nani ataniuliza? Madam, wewe na hiyo diploma yako ya kupaka rangi, weka Z twende."

Nilimuuliza mara ya tatu. Akajiziba masikio kwa earphone.

Lori la Peterson hubeba mahindi. Nikafungua kamusi yangu ukurasa wa mwisho, nikashuka hadi neno la mwisho kabisa.

ZYZZYVA.

Ni fukusi. Ndugu wa wale wadudu wanaotoboa mahindi yako ghalani, ila huyu ni wa Amerika Kusini, makao yake ni kwenye mitende.

Niliiandika vizuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Nikaitia kivuli chekundu. Peterson akapiga picha kumi na mbili.

Pembe ya kushoto niliiacha tupu, kama alivyotaka.

Mwezi mmoja baadaye msichana mmoja akasimama mbele ya kibanda changu. Mrefu, mpole, macho ya mtu anayehesabu.

"Wewe ndiye uliandika lori ya Peterson?"

"Ni mimi."

"Alichagua hiyo neno mwenyewe?"

Nikafikiri kidogo. "Alichagua Z mwenyewe."

Akacheka mpaka akakalia ndoo yangu ya rangi. Jina lake Waithera. Anafanya kazi kwenye duka la mbegu na dawa za shamba kule Njoro, na siku hiyo tukawa marafiki. Hakuniambia kilichomchekesha, nami sikuuliza. Kumbe ujinga wa kutouliza si wa Peterson peke yake.

Alikuwa amelisoma lori la Peterson likishusha mahindi Njoro, na mapenzi yao yakaiva. Miezi mitano baadaye Waithera akanipigia simu.

"Umaima, Jumamosi Peterson analeta wazee kwetu. Kuja unisaidie jikoni. Usimwambie, atadhani nimekuita kumchunguza."

Nikaenda. Babake, Mzee Naftaly, nilijua tu kwamba ni mwalimu mstaafu wa chuo kikuu. Wa nini, sikujua.

Nikaingia sebuleni kuamkia. Ukutani kulikuwa na masanduku ya kioo, na ndani ya kila sanduku, wadudu. Mamia. Wamepangwa kwa safu kama wanafunzi wa paredi, kila mmoja na karatasi yake ya jina.

"Karibu, msichana wangu," Mzee akasema. "Usiogope, hawa wamekufa. Wale wazima wako ghalani."

Miguu yangu iliingia jikoni kabla yangu.

"Waithera, babako alifundisha nini?"

"Wadudu. Miaka thelathini na moja. Hasa wale wa nafaka."

Nikafunga mlango wa sebule.

"Na ni mkali?"

"Si mkali. Ni vile tu hapendi mtu anayejifanya anajua." Alikuwa anakatakata dhania, hata hakuinua uso. "Mposaji wa kwanza alisema yeye ni msomaji wa vitabu. Baba akamuuliza kitabu gani. Akaondoka kabla ya chai. Wa pili alisema anajua ng'ombe. Baba akampeleka zizini."

"Ikawaje?"

"Aliruka ua akatoroka."

"Na leo akikataa?"

Kisu kikasimama. "Akikataa, siwezi kumpinga. Na Peterson nampenda, Umaima. Hapo ndipo tulipo."

Nje honi ikalia.

Wazee watatu wa Peterson walishuka kwenye gari la kukodi. Nyuma yao lori likaingia kinyumenyume uani, limebeba magunia ya mahindi, sukari, soda na mbuzi mmoja dume. Limeoshwa mpaka linang'aa. ZYZZYVA ikaja kusimama mita tano kutoka dirisha la jikoni, manjano na nyekundu, kubwa kama aibu.

Mzee Naftaly akatoka kuwapokea. Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hii lori ni ya nani?"

"Yangu, mzee," Peterson akasema. Suti yake ilikuwa bado na mkunjo wa dukani.

"Na hili neno? Ulilichagua mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Uso wa Mzee ukafunguka kama dirisha. "Kamusi yangu inaishia na neno hili. Watoto wangu nimewalea nikiwaambia maana yake. Sijawahi kuliona barabarani, maisha yangu yote. Hebu waambie wazee wako maana yake."

Peterson akakohoa. "Mzee, nipe dakika moja. Naskia rejeta inavuja."

Akazunguka upande wa injini, lori likamficha. Simu yangu ikatetemeka kwenye aproni.

"Umaima ile neno ni nini. Haraka."

Kupitia dirishani niliviona viatu vyake chini ya lori, vikicheza. Nikamwandikia, "Ulisema hutaki maana."

"Tafadhali. Hata ya Kiswahili ni sawa."

Hapo ningeweza kumtesa. Nilimtazama Waithera, ameshikilia sinki kwa mikono miwili. Nikampa ukweli, neno moja. "Fukusi."

Peterson akarudi kifua mbele.

"Mzee, ni fukusi."

"Fukusi ndiyo nini?"

Peterson akawatazama wazee wake. Wazee wake wakamtazama mbuzi.

"Si ni kama mafua?" mmoja akanong'ona.

"Fukusi ni... ni nguvu, mzee. Nguvu ya barabara."

"Nguvu," Mzee Naftaly akasema.

Dirisha lile la usoni likafungwa. Akageuka, akaanza kurudi nyumbani, polepole, mikono mgongoni. Waithera akaachia sinki, akaenda mlangoni.

"Mzee, subiri."

Mzee akasimama bila kugeuka.

"Sijui," Peterson akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, bila mbwembwe. "Sijui maana yake. Nilitaka tu Z mingi. Yule fundi alitaka kuniambia mara tatu. Nikamwambia Kiswahili ni ya kuuzia sukuma wiki. Saa hii nimemuuliza kwa simu, na ile jibu amenipa pia sijui. Hata Waithera siku ya kwanza aliniuliza kama naijua, nikasema naijua. Nimemdanganya miezi tano."

Mzee akageuka. "Huyo fundi yuko wapi?"

"Ako Mai Mahiu."

"Niko hapa," nikasema, nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

Peterson alinitazama kama mtu aliyekutana na polisi chumbani kwake.

Nikawaeleza wote. Fukusi ni mdudu mdogo, pua ndefu, anayetoboa nafaka na kuacha unga. Huyu wa lori ni wa ukoo huo, kutoka Amerika Kusini.

Macho yote yakaenda kwenye neno. Kisha kwenye magunia ya mahindi. Kisha kwa Peterson.

"Madam," Peterson akasema taratibu, "umeniandikia mdudu wa mahindi kwa lori ya mahindi?"

"Ndiyo."

"Miezi sita nikiitwa mdudu na ukanyamaza?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mzee mmoja wa Peterson ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua kwanza. Halafu uwanja mzima. Mzee Naftaly hakucheka. Alitoa daftari mfukoni.

"Msichana wangu, hebu sema tena. Fu..."

"Fukusi."

Akaandika. "Miaka thelathini na moja nimewaambia wakulima habari za huyu mdudu kwa Kiingereza, nikidhani ni wao wasiosikia." Akafunga daftari. Akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Waithera. Umedanganywa miezi mitano. Unasemaje?"

"Sikudanganywa, Baba. Nilijua siku ya kwanza. Hakuna dereva wa mahindi angejiita fukusi akijua. Ndiyo nilienda hadi Mai Mahiu kuuliza aliyeandika." Akamwangalia Peterson. "Nilikuwa nangoja tu aseme mwenyewe. Amechukua muda, lakini amesema."

"Na kama asingesema?" Mzee akauliza.

"Ningelia wiki moja. Halafu ningekushukuru."

Mzee Naftaly akamtazama Peterson, juu mpaka chini, mpaka kwenye viatu.

"Shusheni mbuzi," akasema.

Mwenye masikio alielewa. Wanawake wakapiga vigelegele, na mbuzi, ambaye hakuwa ameelewa, akashuka kwa furaha.

Jumatatu iliyofuata Peterson alikuwa kibandani kwangu saa mbili asubuhi. Sasa ile pembe ya kushoto ina neno: fukusi. Herufi ndogo, rangi nyeupe. Ogada anamwita Fuku. Mahindi yake hayajawahi kukataliwa, maana wanunuzi humwambia mtu anayetangaza mdudu hadharani hawezi kuwa anamficha guniani.

Funzo, kwa wanaopenda funzo: neno usilojua maana yake ni mbuzi ndani ya gunia. Mfungue kwanza. Na lugha unayoidharau ndiyo utakayoiomba msaada umejificha nyuma ya lori.

Peterson bado anadai nimwombe radhi mbele ya wale wazee watatu, kwa sababu nilimwandika mdudu makusudi. Ni kweli, nilifanya makusudi. Waithera alimwona kwanza kwa sababu ya neno hilo, babake alimkubali kwa sababu ya neno hilo, na harusi ni Desemba.

Nitakwenda, nitakula pilau, nitacheza.

Radhi siombi.